Mkate Uliong'atwa Mara Moja

Apolonia alianza kusema Kiuzbeki ndani ya gari langu, na mimi sikufurahi. Miaka hiyo nilikuwa dereva wa teksi Houston. Tulikaa jirani kwenye nyumba za kupanga kule Missouri City, pembezoni mwa Houston, kwa hiyo nilimpeleka kazini Sugar Land asubuhi na kumrudisha jioni. Mji ule bila gari ni sawa na kukatwa miguu, na Apolonia aliogopa usukani kuliko nyoka. Basi asubuhi zangu, ambazo nilipenda ziwe kimya, zikajaa maneno ambayo hata sikujua yametoka upande gani wa dunia.

"Men choy ichaman," alisema akitazama dirishani. "Mimi chai nanywa."

"Hiyo lugha inatembea kinyumenyume," nilimwambia.

"Kitendo kinakuja mwisho, Wanjohi. Lazima um-wait mtu amalize ndio ujue anafanya nini. Wewe hungeweza."

Ndivyo alivyokuwa. Alitoka Runyenjes, Embu, akaingia Amerika mwaka wa tisini na nane kwa bahati nasibu ya green card, akiwa na miaka arobaini na kitu. Hakuwa ameolewa, na ukimwuliza sababu anakuuliza yako, nami sikuwa na jibu la maana. Akapata cheti cha kuhudumia wagonjwa, yaani kuogesha, kulisha na kugeuza watu kitandani, kazi ambayo wengi wetu tuliifanya na wachache tuliisimulia nyumbani. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa kiti cha pembeni, akaondoka kabla ya chai. Mama yake mzazi alikuwa Runyenjes, hajui lugha nyingine ila Kiembu, na masikio yake yalikuwa yameanza kuziba. Apolonia alipopiga simu alikuwa akipiga kelele mpaka majirani wanagonga ukuta, na mama anajibu mambo ambayo hakuulizwa.

Kiembu na Kikuyu changu ni ndugu. Tungeweza kabisa kuelewana kwa lugha zetu, lakini yeye alikataa. Alisema Kikuyu changu kinamtia upweke kuliko kunyamaza, kwa sababu kinafanana na cha kwao halafu si chenyewe. Basi tukazungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama wa mtu yeyote kati yetu.

Mwaka wa elfu mbili wakala wake wa kazi alimpeleka kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Aliitwa Sanobar, alikuwa na miaka sabini na mitano, na alitoka mji wa Margilan, Uzbekistani, ambako alifuma hariri maisha yake yote. Mwanawe Bahrom alikuwa mhandisi wa mafuta. Baba yake alipofariki, Bahrom alimchukua mama akamleta Sugar Land, kwenye nyumba kubwa yenye zulia la rangi ya maziwa, kisha yeye mwenyewe akawa anasafiri kwenda visimani Kazakhstani kwa majuma mengi. Mkewe, Denise, ni Mmarekani, mtu mwema, ila Kiuzbeki chake kilianzia kwenye salamu na kuishia kwenye asante. Wajukuu walimjibu bibi yao kwa Kiingereza, tena wakiwa wanapita. Kwa hiyo mwanawe akisafiri, bibi yule alikaa ndani ya ile nyumba nzuri bila mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba mvua inanyesha.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana hadithi yote imening'inia hapo. Wiki ya kwanza Denise alimpeleka bibi kwa daktari, na Apolonia akabaki kusafisha chumba. Nyuma ya mlango alikuta kitambaa kimetundikwa kwenye msumari. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mkate wa duara, bapa, mkavu kama kipande cha ubao, umeng'atwa ukingoni mara moja. Aliyeishi Houston anajua mende wa Houston. Tena katika mafunzo yao walikuwa wameonywa: chakula kilicholala chumbani kwa mgonjwa kiondolewe, msimamizi asikikute. Apolonia aliutupa ule mkate. Siku hiyo ilikuwa ya gari la taka, na gari la taka lilipita. Kitambaa alikifua, akakipiga pasi, akakirudisha kwenye msumari, akajiona mfanyakazi bora.

Bibi aliporudi alitazama msumari. Akashika kitambaa, akakikuta chepesi. Kisha akamtazama Apolonia, akaketi kitandani, na tangu dakika hiyo hakumtolea sauti. Hakukataa kuogeshwa wala kulishwa. Alifuata mkono unakompeleka, macho yakiwa kwenye ule mlango.

"Amenichukia," Apolonia aliniambia jioni ile garini.

"Ni rangi," nikasema. "Hawa wazee wakituona wanaona giza tu. Si u-change mteja? Mwambie wakala."

Nilikuwa na hakika kabisa. Mimi nikishaamua jambo sipendi kusumbuliwa na ushahidi.

Apolonia alitikisa kichwa. "Mtu akikuchukia kwa rangi anakuchukia kutoka mlangoni. Huyu siku ya kwanza alinipa lozi. Kuna kitu nimemkosea."

Alimwuliza Denise kama ule mkate ulikuwa na shida yoyote, na Denise akasema hakuna shida, wazee huficha vyakula, amefanya vizuri kuutupa. Bahrom alipopiga simu kutoka Kazakhstani, Apolonia akaomba aulizwe mama ana nini. Bahrom aliongea na mama yake, kisha akamjibu kwa Kiingereza kwamba mama hana malalamiko, anasema msichana ni mzuri. Hapo Apolonia akachanganyikiwa kabisa. Aliniambia: "Siwezi kuomba msamaha wa kitu nisichokijua. Na anayekijua ananificha. Itabidi nijifunze lugha yake ili nimwulize mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikakosa njia ya kutokea kwenye barabara kuu. "Apolonia, Kiingereza chenyewe hujamaliza."

Lakini alianza. Maktaba ya Sugar Land haikuwa na kitabu hata kimoja cha Kiuzbeki, kwa hiyo kitabu chake kikawa bibi mwenyewe. Aliinua kijiko akasubiri. Aligusa maji akasubiri. Siku nyingi bibi hakufungua mdomo. Kisha asubuhi moja Apolonia alimletea chai, akajisemea tu kwa Kiswahili, "Chai hii hapa," na bibi akageuka.

"Choy," alisema bibi.

Hapo ndipo ulipopatikana mlango, na mlango wenyewe kumbe ulikuwa wazi miaka mia kadhaa. Waarabu na Waajemi walipita kwao kama walivyopita pwani yetu, wakaacha mizigo ileile. Kitabu kwao ni kitob. Wakati ni vaqt, habari ni xabar, dunia ni dunyo, sababu ni sabab, sanduku ni sandiq. Pilau wanaiita palov na sambusa wanaiita somsa, nazo zinaliwa vilevile. Apolonia alikuwa akiingia garini na neno moja kila jioni kama mtu aliyeokota sarafu. Nikasema basi hicho ni Kiswahili kilichopotea njia, akanikemea. Alisema usidanganyike na maneno ya kuazima, mifupa ya lugha ni mingine kabisa. Ni ndugu wa Kituruki na Kikazaki, na ndugu wa karibu zaidi wa Kiuiguri.

Alinieleza mifupa hiyo kwenye taa nyekundu. Sisi mizigo ya neno tunaibeba mbele: ki-tabu, vi-tabu, wa-na-soma. Wao wanaifunga nyuma, moja baada ya nyingine, kama mabehewa. Uy ni nyumba. Uyimiz, nyumba yetu. Uyimizda, ndani ya nyumba yetu. Hawana ngeli, na hawana shida ya Wazungu ya kumtenga mwanamume na mwanamke kila wakisema yeye. Kwao yeye ni yeye, kama kwetu. Apolonia, ambaye miaka yote alikuwa akimwita Denise "he" na Bahrom "she" na kuona haya, alisema hiyo ndiyo siku aliyopumzika.

Heshima pia iko ndani ya lugha. Kuna wewe ya mtoto na wewe ya mkubwa, na kila mtu ana cheo chake cha ukoo hata kama hamna damu moja: kaka mkubwa ni aka, dada mkubwa ni opa. Apolonia alimwita bibi onajon, mama mpenzi. Bibi hakumwita jina lolote. Hilo lilimuuma, akasema waziwazi kwamba linamuuma.

Maandishi yao nayo yana mkosi. Nyanya wa Sanobar alisoma kwa herufi za Kiarabu. Sanobar alipoanza shule, alifundishwa herufi za Kilatini, kama hizi zetu. Akiwa msichana wa miaka kumi na mitano serikali ya Kisovieti ikabadilisha tena, kila kitu kikawa kwa herufi za Kirusi. Halafu uzeeni, nchi ilipojitawala, wakarudi kwenye Kilatini cha namna mpya. Kila mara watu wazima walilala wakijua kusoma wakaamka hawajui. Ndiyo maana, Apolonia alisema, yule bibi hakuamini karatasi. Mambo yake makubwa hakuyaandika, aliyatundika.

Alisema hivyo bila kujua alichokisema. Msumari alikuwa bado hajauelewa.

Na makosa hayakuisha. Sisi tulilelewa kwamba kikombe cha mgeni hujazwa mpaka kitishie kumwagika. Nusu kikombe ni ubahili wa kutangazwa. Apolonia alijaza bakuli la chai la bibi mpaka ukingoni, kila siku, kwa upendo, na bibi akalitazama kwa huzuni. Miezi ikapita ndipo bibi alipochukua birika mwenyewe, akammiminia Apolonia chai kidogo tu, chini ya nusu, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Kwao chai kidogo maana yake kaa, nitakuongezea tena na tena. Ukimjazia mtu bakuli unamwambia anywe aende zake. Apolonia alikuwa amemfukuza bibi wa watu nyumbani kwake mara mbili kwa siku.

Siku ile alifurahi, akidhani amefika. Hilo ndilo kosa langu, alisema, chai. Lakini bibi alikuwa bado anautazama ule mlango.

Ukweli ulikuja mwaka uliofuata, wakati wa joto. Bahrom alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Kwa kawaida alikaa na mama yake sebuleni, lakini bawaba ya mlango wa chumbani ilianza kulia, akaingia na bisibisi. Apolonia alikuwa anakunja nguo. Bahrom alivuta mlango, akaona msumari, akagusa kitambaa.

"Non qani?" aliuliza. Mkate uko wapi.

Bibi alikuwa kitini. Alijibu bila kuinua macho. "Sichqon yedi."

Apolonia alilijua kila neno. Sichqon ni panya. Yedi ni amekula. Nyumba ile haikuwahi kuona panya, na bibi yule, ambaye aliswali mara tano na hakuwahi kudanganya hata kuhusu dawa alizotema, alikuwa amemdanganya mwanawe mbele yake. Bahrom alitia bisibisi mfukoni. Kisha akainama akambusu mama yake kichwani, akatoka nje, na mlango haukutengenezwa siku ile.

Apolonia alipiga magoti. "Kechiring, onajon," alisema. Nisamehe, mama. "Si panya. Ni mimi."

"Najua ni wewe," bibi akasema, kwa Kiuzbeki cha polepole alichokuwa akimtumia. Na kwa mara ya kwanza akaongeza: "qizim." Binti yangu.

Akamwambia. Kwao mtu akienda safari kubwa, mama humpa mkate mzima aung'ate mara moja. Mkate uliobaki hutundikwa ukutani. Hakuna anayeugusa. Riziki yake iko pale, inamvuta arudi kuimaliza. Kijana wake wa mwisho, Ilhom, alichukuliwa jeshini mwaka wa themanini na tatu, akapelekwa vitani Afghanistani. Aling'ata mkate akicheka, akasema mama, umezidisha chumvi. Hakurudi, wala hakurudishwa maiti. Walileta karatasi. Bibi hakuamini karatasi. Mkate ulikaa ukutani Margilan miaka kumi na sita, kisha ukavuka bahari ndani ya sanduku lake la mkononi, umefungwa kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Na hukumwambia mwanao," Apolonia alisema.

"Angekufukuza. Na wewe ulikuwa hujui kitu, ulikuwa unasafisha tu. Nina mtoto mmoja aliyepelekwa mbali akaharibikiwa kwa jambo asilolielewa. Sikutaka wa pili."

Apolonia aliponisimulia hayo jioni ile, nilikuwa nimesimamisha gari kando ya barabara kwa sababu nilishindwa kuendesha. Alisema alilia mpaka bibi akamfuta pua kama mtoto. Aliuliza atamlipa nini. Bibi akasema mwenye kuula ule mkate hakuja, na mkate umechoka kungoja, umeondoka kwenda kumtafuta. Sasa kaa chini, tunywe chai. Baada ya hapo sikutamka tena habari ya rangi.

Wakaishi hivyo mwaka mmoja na nusu. Nyonga ilipona kadiri ya kupona kwake, lakini Bahrom hakutaka kusikia habari ya kumwachisha Apolonia. Jioni nilikuwa nawakuta kwenye baraza ya nyuma, wanawake wawili, wameketi na birika katikati, wakizungumza lugha ambayo labda hakuna mtu mwingine Sugar Land nzima aliyekuwa akiizungumza saa hiyo. Nilipiga honi. Hawakuharakisha.

Mwishoni mwa elfu mbili na mbili mama yake Apolonia aliugua, na Apolonia akakata tiketi kwenda Runyenjes, mara ya kwanza tangu aondoke. Asubuhi ya safari aliniomba tupitie Sugar Land. Bibi alikuwa ameamka mapema, akaoka mkate katika oveni ya Denise, akautoboa katikati kwa uma kwa kukosa muhuri wa kwao wa kutobolea mkate. Alimkabidhi Apolonia kwa mikono miwili. Apolonia akang'ata. Bibi akauchukua, akaufunga katika kile kitambaa cha hariri, akakitundika kwenye msumari uleule. Hawakuagana. Bibi alimsukuma kidogo mgongoni, basi.

Alikusudia kukaa mwezi mmoja. Mama yake aliishi mpaka Februari, hasikii tena kabisa, anamjua binti yake kwa kumshika vidole. Apolonia alimzika, akapanga mambo ya shamba na ndugu zake, akarudi mwezi wa tatu. Nilimpokea uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda. Alikuwa na majani ya chai ya Embu kwenye mfuko, akasema nisimpeleke nyumbani kwanza, nimpeleke kwa onajon, ana mambo mengi ya kumwambia na maneno yameanza kumponyoka.

Bahrom ndiye aliyefungua mlango. Nilimwona uso nikajua, lakini Apolonia alikuwa ameshapita akiita. Bibi alikuwa amefariki usingizini wiki tatu kabla. Hawakuwa na namba yoyote ya Runyenjes ya kumpigia.

Chumba kilikuwa kimeshaondolewa kila kitu. Kitanda cha hospitali kimerudishwa, zulia limeoshwa, dirisha limeachwa wazi. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kitambaa kilikuwepo.

"My mother said nobody touches it," Bahrom alisema. Mama aliagiza mtu asikiguse. "Denise alitaka ku-clear the room," Apolonia aliniambia baadaye, "Bahrom akamwambia aondoe kila kitu lakini si hiki."

Apolonia alikiteremsha. Mkate ulikuwa umekauka, alama ya meno yake iko ukingoni. Bahrom akatoka, nikasikia maji yanachemka jikoni. Alirudi na birika na bakuli, akatia humo yale majani ya Embu. Alimmiminia chai kidogo, chini ya nusu. Akaweka mkono kifuani. Kisha huyu bwana, ambaye miaka yote alizungumza naye kwa Kiingereza cha kazini, akasema, "Xush kelibsiz, opa." Karibu, dada.

Apolonia alichovya mkate akala. Ilichukua muda, ulikuwa mgumu, na Bahrom alimwongezea chai kila ilipopungua. Hakuacha hata chembe. Mimi nilisimama mlangoni na kofia mkononi.

Njiani kurudi, tulikuwa tumekaribia nyumbani.

"Mama wawili," alisema. "Mmoja hakunisikia, mwingine amenyamaza. Sasa hakuna mkate wangu mahali popote, Wanjohi."

Nilimbebea sanduku mpaka mlangoni kwake, nikaenda kwangu.

Bahrom alihamia Kazakhstani moja kwa moja na familia yake mwaka uliofuata. Apolonia akapewa mteja mwingine, mzee Mmarekani aliyependa baseball na kusema bila kukoma. Kiuzbeki hakikuwa na pa kwenda. Mara moja moja alikuwa akikisema garini, neno moja moja, nami nilianza kuitikia: choy, non, vaqt. Alinirekebisha matamshi kwa ukali.

Teksi ilipoacha kulipa, nikapata kazi katika ghala kule Mesquite, upande wa Dallas, mwendo wa nusu siku kutoka Missouri City. Sikumwambia mapema. Nilidhani nitaaga watu kanisani kwa jumla, niondoke. Asubuhi ya kuondoka, nikiwa nafunga buti la gari, alikuja na kandambili zake, ameshika sahani. Juu yake ulikuwa mkate wa duara, umetobolewa katikati kwa uma.

"Ng'ata," alisema.

"Apolonia, mimi naenda Dallas, siendi vitani."

"Ng'ata, Wanjohi. Usinichoshe."

Nikang'ata. Ulikuwa umezidi chumvi. Aliufunga katika kile kitambaa cha hariri, ambacho Bahrom alimwachia, akarudi nacho ndani bila kuaga.

Ghala ni kubwa na watu wake wengi ni Wakongo, wema, ila nikirudi chumbani hakuna anayenisumbua asubuhi wala jioni, jambo ambalo zamani nililiomba. Jumapili huwa nampigia simu. Tunaongea habari za kanisa, mvua, yule mzee wa baseball. Yeye hataji mkate hata siku moja. Mimi ndiye ninayeuliza, kila mara, mwishoni, kama bado uko.

"Uko," anasema.